Hati ya Wikio

Chumba chetu ni cha juu, mtaa wa Mkomani:
kompyuta mbili, feni moja, na makasha ya hati
yanayonuka karafuu na mende.
Kila karatasi tunaigeuza faili la XML.
Shekuwe aliandika sarufi. Mimi niliandika kanuni.
Tuligombana miezi saba.

Sarufi yake kali kama mwalimu wa chuo:
ndani ya hati pana mwenye mali,
kisha mali, kisha mipaka minne,
kisha mashahidi, wasipungue wawili, kisha tarehe.
Kwa mpangilio huo. Lebo ikifunguliwa, ifungwe.
Lisilotajwa ni haramu.

"Hiyo ni mizani na vina," nikamwambia, "si ukweli.
Sikiliza:

    Punda ana pembe mbili, kasimama dirishani,
    Hati asoma kamili, hajakosa abadani,
    Ameoa Jumapili, bibi harusi ni nyani,
    Mashahidi ni wawili, pweza na kaa wa pwani.

Hesabu. Nane kwa nane, kina hakijateleza.
Sarufi yako ingempa punda huyo muhuri."

Akacheka, akachukua tende.
"Na kanuni zako? Huuliza ulilokumbuka kuuliza.
Nikizipa faili tupu, neno moja hamna,
zitasema halina kosa."
Kweli. Kwangu lisilokatazwa ni halali,
na sikuwahi kukataza utupu.

Ila mwezi wa tatu, hati ya Mwana Hidaya binti Mshamu
ilipita kwa Shekuwe bila kikohozi:
jina lipo, nyumba ipo, mwaka tarakimu nne.
Kwangu ikakwama. Nilikuwa nimeandika, kwa Kiswahili cha nyumbani:
Maiti hawezi kuweka wakfu. Tazama miaka.
Amekufa 1309, ametoa nyumba 1312.

Tukafungua kasha, tukamulika kwa simu.
Mdudu alikuwa amekula kijiti cha moja
kikabaki kitone, nasi tukakisoma sifuri.
Alikufa 1319. Miaka kumi ya uhai
ndani ya tumbo la mdudu.
Sarufi ya Shekuwe, siku ikikataa, husema tu:
mstari wa arobaini na moja, si kilichotarajiwa.
Haisemi nani kafa.

Nilitamba wiki nzima. Kisha ikaja hati ya wikio,
kile chumba kilichovuka kichochoro, nyumba hadi nyumba,
huku na huku kuta za wenyewe,
chini wapita watu na punda wa mchanga.
Karani aliandika mipaka miwili, akaweka kalamu.
Sarufi ikaitupa. Kanuni zangu zikaipitisha
kwa kuwa hazikuwa na habari nayo.
Sijui nani alishinda pale.
Shekuwe alikaa kimya, akafuta minne,
akaandika mmoja au zaidi. Vidole vilimuuma, nilimwona.
Nami nikaongeza: Mipaka ikipungua minne, mali iwe wikio.
Tangu hapo tunaendesha zote, yake kwanza,
maana hakuna faida ya kumhoji
asiye na mdomo.

Jana, adhana ya alasiri ikikaribia,
nikafikia hati ya elfu mbili mia mbili na sita.
Mwenye mali: nyanya yangu. Mali: nyumba ya Langoni
ambamo mama amepanga chumba kimoja, hulipa kila mwezi.
Mipaka minne. Mashahidi wawili, watu wazima.
Aliuza akiwa hai. Bei kwa maneno, bei kwa tarakimu,
zinalingana.
Na lebo ya ridhaa, ndani yake neno moja: ndiyo.

Nilitafuta swali la kuandika.
Feni ilizunguka.
Sarufi: sahihi. Kanuni: sahihi.

Nikaihifadhi.